Ukubwa wa Herufi Uamuliwe na Msomaji: Barua ya Wazi kwa Watunzaji wa Zana za Violesura

Kwa watunzaji wa Qt, GTK, Flutter, Tk, Swing na zana nyingine za kujengea programu za majukwaa mengi. Na kwa watengenezaji programu wa Afrika Mashariki wanaozitegemea.

Zana ya violesura ni maktaba ya msimbo inayomwezesha mtengenezaji programu kuunda dirisha, menyu na vitufe mara moja, kisha programu hiyo ikafanya kazi kwenye Windows, macOS, Linux, Android au iOS. Ahadi yake ni kwamba kilichopangwa kwenye mfumo mmoja kitabaki na mpangilio wake kwenye mifumo mingine. Ahadi hiyo huvunjika kwenye maandishi kabla ya kuvunjika mahali pengine popote. Rangi huhama salama, picha huhama salama, lakini herufi iliyopewa ukubwa wa 12 hutoka ndogo huku na kubwa kule, hukatwa mkia katika dirisha moja na kusukuma kitufe nje ya skrini katika dirisha jingine. Barua hii inaeleza kwa nini hali iko hivyo, na inataja mambo ambayo dawa yake iko ndani ya zana zenyewe, mahali ambapo mtengenezaji programu mmoja mmoja hafiki.

Tatizo linaanzia kwenye kipimo. Wachapaji wa vitabu walipima herufi kwa pointi muda mrefu kabla ya kompyuta, na thamani ya pointi ilitofautiana kidogo kati ya nchi na nchi. Lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, katika miaka ya 1980, ndiyo iliyoimarisha pointi kuwa sehemu moja ya 72 ya inchi. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya pikseli 72 kwa inchi, hivyo pointi moja ikawa pikseli moja, na ukurasa ulioonekana kwenye kioo ulilingana kwa ukubwa na ukurasa uliotoka kwenye printa. Microsoft nayo ilichukua inchi ya kimantiki yenye pikseli 96. Hoja yake haikuwa mbaya: skrini husomwa kutoka mbali kidogo kuliko karatasi inayoshikwa mkononi, kwa hiyo herufi zinastahili kuongezwa theluthi moja. Matokeo ni kwamba herufi za pointi 12 huchukua pikseli 12 kwa hesabu ya Macintosh na pikseli 16 kwa hesabu ya Windows. Kila upande ulikuwa na mantiki yake. Zana zilizokuja kuunganisha pande hizo mbili ndizo zilizorithi hesabu zote mbili kwa pamoja, na nyingi hazikumwambia mtumiaji wake waziwazi ni ipi inayotumika.

Kila zana ilitafuta njia yake. Qt humruhusu mtengenezaji kutaja ukubwa kwa pointi au kwa pikseli. Akitaja pointi, hesabu hufuata mfumo, hivyo programu iliyopendeza kwenye Windows huonyesha herufi ndogo kwa robo nzima ikiendeshwa kwenye macOS. Swing ya Java hudai kupima kwa pointi, lakini tangu mwanzo pointi yake ilikuwa sawa na pikseli moja ya skrini, bila kujali msongamano wa skrini hiyo. Ilibidi kusubiri Java 9, mwaka 2017, ili Swing itambue skrini zenye pikseli nyingi kwenye Windows na Linux. Katika Tk, namba chanya ni pointi na namba hasi ni pikseli: 12 na -12 ni vipimo viwili tofauti, vinavyotenganishwa na kistari kimoja ambacho jicho hukipita kwa urahisi. CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, iliamua kwamba inchi moja ni pikseli 96 daima, ziwe za kweli au za kimantiki. Android ina dp, inayochukulia skrini ya pikseli 160 kwa inchi kuwa msingi, na sp, ambayo ni dp iliyozidishwa kwa ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu. Flutter hutumia pikseli za kimantiki kwenye majukwaa yote.

Kati ya hizo zote, sp ya Android ndiyo iliyokaribia ukweli zaidi, kwa sababu jina la kipimo chenyewe linamkumbusha mtengenezaji kwamba msomaji naye ana kauli. Vipimo vingine humfanya aamini kwamba ukubwa wa herufi ni uamuzi wake peke yake.

Hata kipimo kikikubaliwa na wote, namba hiyo haipimi herufi. Inapima mraba usioonekana ambamo msanii wa fonti huchora herufi zake. Mraba huo kwa kawaida hugawanywa katika vipande 1000 au 2048, na msanii yuko huru kuujaza anavyotaka. Ndani ya Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter kwa ajili ya skrini na kutolewa na Microsoft mwaka 1996, herufi ndogo kama x hufikia takriban asilimia 55 ya mraba. Ndani ya Times New Roman hufikia takriban asilimia 45. Katika mraba wa pikseli 16, tofauti hiyo ni kati ya karibu pikseli 9 na karibu pikseli 7, yaani kati ya maandishi yanayosomeka bila shida na yale yanayomlazimisha mtu kusogeza uso. Zana inapokosa fonti iliyoombwa na kuchukua nyingine kimyakimya, imebadilisha ukubwa wa maandishi ingawa namba imebaki ileile. CSS ina kanuni ya font-size-adjust inayolinganisha urefu wa herufi ndogo fonti inapobadilishwa. Zana nyingi za programu za kawaida hazina kitu cha namna hiyo.

Kimo cha mstari nacho kina mgogoro wake. Faili ya fonti ya OpenType hubeba seti tatu za vipimo vinavyosema mstari unapanda hadi wapi na kushuka hadi wapi: seti moja katika jedwali la hhea na mbili katika jedwali la OS/2. Mifumo ya Apple husoma ya kwanza; uchoraji wa zamani wa Windows husoma mojawapo ya hizo mbili nyingine; na alama ndogo ndani ya faili huweza kuuelekeza mfumo kwenye ile ya tatu. Fonti iliyojazwa vizuri hukubaliana na nafsi yake katika seti zote tatu, na fonti iliyojazwa ovyo husababisha mistari kusongamana kwenye mfumo mmoja na kuachana kwenye mwingine. Kwa Kiswahili jambo hili halijifichi. Maandishi yake yamejaa g, y, j na p, herufi zenye miguu inayoning'inia chini ya mstari, na neno kama "yanayojengwa" linapowekwa katika kisanduku kilichopimwa kwa herufi za Kiingereza zisizo na miguu, sehemu ya chini hunyolewa na y hubaki ikifanana na v.

Baada ya kupima ndipo kuchora. Pikseli ni vyumba vya mraba, na herufi zina mikunjo na unene usiolingana na vyumba hivyo. Herufi l katika mraba wa pikseli 16, ikiwa unene wake ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mraba, inahitaji pikseli 1.33. Nafasi ya namna hiyo haipo kwenye skrini. Njia ya kwanza ni kuilazimisha herufi isimame kwenye safu moja kamili, nyeusi na kali, hata kama umbo lake litapotoka kidogo. Teknolojia ya TrueType iliyotolewa na Apple mwaka 1991 huweka maelekezo ya kufanya hivyo ndani ya fonti yenyewe. Njia ya pili ni kuacha umbo lilivyo na kupaka kijivu kwenye safu ya jirani, ili jicho liunganishe lenyewe. Njia ya tatu ni kutumia vipande vitatu vya kila pikseli ya skrini bapa, yaani chekundu, cha kijani na cha buluu, kana kwamba ni pikseli ndogo zinazojitegemea. ClearType ya Microsoft, iliyotangazwa mwaka 1998 na kuingizwa katika Windows XP mwaka 2001, ilifuata njia hii, na iliongeza uwazi wa maandishi kwenye skrini za wakati ule kwa kiwango kinachoonekana.

Uchaguzi kati ya njia hizo haujawahi kuwa suala la ladha tupu. Apple tangu zamani ilipendelea kuheshimu umbo la herufi kama lilivyochorwa, Microsoft ikapendelea ukali wa mistari, na katika Linux maktaba ya FreeType huacha mlango wazi kwa yote. Skrini za pikseli nyingi zilipoenea, wahandisi walianza kuiacha njia ya tatu. macOS Mojave ya mwaka 2018 iliizima, na GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, ilibaki na kijivu pekee. Kwenye simu au kompyuta ya bei kubwa uamuzi huo hauumizi, kwani pikseli ni ndogo kiasi kwamba jicho halizitambui moja moja.

Lakini skrini zinazotumika Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura si hizo pekee. Kompyuta mpakato za mtumba zinazouzwa katika soko la Kariakoo na mtaa wa Luthuli Avenue, ambazo huishia katika ofisi za kata, vituo vya kuchapa na kunakili, maabara za shule na mikononi mwa wanafunzi wa vyuo, kwa kiasi kikubwa zina skrini za pikseli 1366 kwa 768. Kwenye kioo cha inchi 15.6 hiyo ni takriban pikseli 100 kwa inchi, karibu kabisa na ile 96 ya Windows ya zamani. Hapo kila pikseli inaonekana. Mstari wa l unaopakwa kijivu pande mbili huwa na ukungu, na mtu anayeingiza majina ya wanafunzi kutwa nzima huumwa macho. Mhandisi anayejaribu zana yake kwenye skrini ya pikseli 220 kwa inchi hawezi kuliona tatizo hili, na ndiyo maana linastahili kutajwa kwa sauti. Watunzaji wa GTK walisikia malalamiko na baadaye wakaongeza mpangilio unaorudishia mtumiaji uwezo wa kuamua jinsi herufi zinavyosimamishwa kwenye safu za pikseli. Hatua hiyo inastahili shukrani na inastahili kuigwa.

Ukuzaji wa skrini kwa sehemu, kama asilimia 125 au 150, umeleta ukungu wa aina nyingine. Tangu Windows Vista, programu ambayo haikujitangaza kuwa inaelewa msongamano wa pikseli inaweza kuchorwa kwa ukubwa wa kawaida, kisha picha yake ikavutwa ijaze nafasi. GTK 3 hujua kukuza kwa namba kamili tu, mara mbili au mara tatu, hivyo mfumo unaotaka asilimia 150 hulazimika kuchora mara mbili na kupunguza. Katika Linux, itifaki ya Wayland ya kupeleka ukuzaji wa sehemu moja kwa moja kwa programu ilikuja mwaka 2022. Kwa maandishi kanuni ni moja: herufi ichorwe upya kwa ukubwa wake wa mwisho, isivutwe wala isibanwe ikiwa tayari ni picha.

Mambo yote hayo ni ya kiufundi na yana ufumbuzi wa kiufundi. Jambo zito zaidi ni nani mwenye neno la mwisho juu ya ukubwa wa maandishi. Uwezo wa jicho kuona vitu vya karibu hupungua kwa kila mtu, na kwa kawaida mtu huanza kuutambua upungufu huo akiwa na miaka arobaini na kitu. Miwani hupatikana kwa wengine na kwa wengine haipatikani kwa urahisi. Mifumo endeshi inalijua hilo: iOS ilianzisha ukubwa wa maandishi unaofuata chaguo la mtumiaji mwaka 2013, Windows 10 ina kitelezi cha kuyakuza hadi asilimia 225, eneo-kazi la GNOME lina swichi ya maandishi makubwa inayozidisha kwa 1.25, na Android 14 ya mwaka 2023 inafika asilimia 200. Android 14 ilifanya pia jambo la busara: maandishi madogo hukua sana na vichwa vya habari ambavyo tayari ni vikubwa hukua kidogo, ili skrini isifurike. Flutter ililazimika kubadilisha namna yake ya kuhesabu ili kuendana na ukuaji huo usio sawa, na ilifanya hivyo mwaka huohuo.

Kinachokwamisha ni programu inayopuuza kitelezi. Ukubwa ulioandikwa kwa pikseli ndani ya msimbo haujui lolote kuhusu chaguo la mtumiaji, na zana inayouchukua hivyohivyo huwa imemfungia nje mama aliyekuza maandishi ya simu nzima akidhani amemaliza kazi. Tatizo lingine ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kukuza skrini hukuza kila kitu, picha na nafasi na vitufe, kwa sababu pikseli ni ndogo. Kukuza maandishi ni kwa sababu macho yanahitaji hivyo. Mtu mwenye skrini ndogo ya bei nafuu na macho yaliyochoka anahitaji la pili bila la kwanza, maana la kwanza litamwachia nusu ya dirisha. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala utendaji. Hakuna sababu ya maana ya programu za mezani na za simu kulenga chini ya hapo.

Maandishi yakikua, mpangilio lazima uyapishe, na hapa historia ina funzo linaloshangaza. Windows ya zamani ilipima visanduku vyake kwa vipimo vilivyotokana na fonti yenyewe: robo ya upana wa wastani wa herufi kwa mlalo, na sehemu moja ya nane ya kimo chake kwa wima. Fonti ikikua, dirisha zima lilikua nayo. Kitufe cha kawaida kilikuwa 50 kwa 14 vya vipimo hivyo, ambavyo kwa fonti ya kawaida vilitoa pikseli 75 kwa 23. Kilichofuata ni kwamba watu wengi walizikariri hizo 75 na 23, wakasahau kipimo kilichozizaa. Maandishi ya pikseli 16 yakikuzwa mara mbili yanahitaji pikseli 32 kabla hata ya kuongeza nafasi ya juu na chini; kitufe cha 23 hakina mahali pa kuyaweka. Na kwa upana, "OK" na "Cancel" zinaenea katika pikseli 75, lakini "Badilisha nenosiri" na "Thibitisha malipo" hazienei. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo neno refu lisilo na mahali pa kukatwa ni la kawaida, na zana inayomaliza kila neno refu kwa vitone vitatu humnyima msomaji mwisho wa kitenzi, ambao ndio unaobeba hali ya kutendewa au kutendeana. "Umetumi…" inaweza kuwa umetumia au umetumiwa, na palipo na fedha tofauti hiyo si ndogo.

Bado kuna maandishi yasiyokaa katika alfabeti ya Kilatini ya kawaida. Lingala, ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili wa Kongo huishi nayo bega kwa bega, huandikwa katika tahajia yake kamili kwa ɛ na ɔ zenye alama za toni, na ɛ́ haina nafasi yake moja katika Unicode: ni herufi na alama, vitu viwili tofauti ambavyo injini ya uchoraji lazima iviweke kimoja juu ya kingine. Fonti isiyo na maelekezo ya kupandisha alama huitupa pembeni, na kisanduku kifupi huikata kichwa. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa katika Lamu, Pate na Mombasa, na hati hizo bado zinasomwa, zinanukuliwa na kuchapishwa upya. Herufi zake hubadili umbo kulingana na jirani zake na husomwa kutoka kulia. Maktaba ya HarfBuzz, inayotumika leo katika sehemu kubwa ya zana hizi, inaliweza hilo vizuri. Kinachobaki ni fonti mbadala: mstari wenye Kilatini na Kiarabu kwa pamoja huchukua fonti mbili zenye mraba uliojazwa tofauti, moja ikanong'ona na nyingine ikapiga kelele, na mistari ikapandana.

Yanayoombwa kwa watunzaji wa zana yanatokana moja kwa moja na hayo. Kila mahali pa kutaja ukubwa wa fonti pawe na kipimo kilichoandikwa kwa jina, si kwa alama ya namba wala kwa mazoea ya mfumo. Chaguo la mtumiaji la ukubwa wa maandishi lifuatwe hata pale mtengenezaji alipokaa kimya, na anayetaka kulikataa alazimike kuandika hivyo waziwazi katika msimbo wake, kila mara, kwa kila sehemu. Upana na kimo cha vitufe, safu za majedwali na visanduku vya maandishi vitokane na vipimo vya fonti iliyopatikana kweli, si iliyoombwa. Fonti ikibadilishwa, urefu wa herufi ndogo ulinganishwe. Njia ya kuchora herufi iachwe kwa mfumo na kwa msomaji, na skrini za pikseli 96 hadi 110 kwa inchi zihesabiwe kuwa za leo, kwa kuwa zinatumika leo.

Kwa watengenezaji programu wa Afrika Mashariki ombi ni fupi zaidi: wasipeleke programu kwa mteja kabla ya kuifungua kwenye kompyuta ya pikseli 1366 kwa 768 na kwenye simu iliyowekewa maandishi makubwa kuliko yote, ikiwa na vitufe vya Kiswahili tayari ndani yake.

Na katika majaribio ya kiotomatiki ambayo kila zana huendesha kabla ya kutoa toleo jipya, ziingizwe sentensi za Kiswahili zenye vitenzi virefu, maneno ya Lingala yenye toni, na mstari mmoja unaochanganya Kilatini na hati za Kiarabu, vyote vikichorwa kwa asilimia 100, 125 na 200. Toleo linalokata mguu wa y au kichwa cha ɛ́ lihesabiwe kuwa na kasoro, na lisitolewe hadi kasoro hiyo irekebishwe.